Blanketi la Farasi

Fundi viatu si mtu wa umbea, lakini basi lilikuwa kimya na mzee wa kiti cha mbele yake alikuwa na uchungu. "Farasi wangu nimemwogesha dawa ya kupe mara mbili," alimwambia daktari wa mifugo aliyeketi naye, "na bado mmemzuia kuvuka mpaka."

"Kupe mmoja tu akivuka naye, mzee wangu, farasi wa huko watakwisha kwa ugonjwa."

"Basi walau nimpelekee blanketi lake hili huko karantini. Bila harufu ya nyumbani hali kitu."

"Umelifua kwa dawa?"

"Nikilifua, harufu itabaki wapi?"

Fundi viatu akavuta miguu nyuma. Adabu ina mipaka. Daktari akafunua pindo la blanketi, akamwonyesha kupe wawili. "Ulipomaliza kumwogesha, ulimfunika tena kwa hili?"

Basi likasimama kwenye lango la karantini. Mzee alilikumbatia blanketi lake, asiinuke.