Wamefika Wote Salama: Miaka Thelathini na Mmoja ya Shangazi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika studio yetu ya katuni, Shangazi anastaafu. Jina lake liko kwenye kitambulisho, lakini hata mkurugenzi humwita Shangazi, na hatujui mwingine atakayeitikia wito huo.

Alianza na mkasi. Enzi hizo wahusika wetu walikuwa vipande vya kadibodi vilivyoshikizwa kwa pini begani, kiwikoni na gotini, na yeye ndiye aliyewatoboa matundu. Kompyuta zilipoingia, alirudi darasani kusomea uandishi wa programu, huku mumewe akibaki na mapacha na kuunguza sufuria moja baada ya nyingine.

Matunda yake ni plagini, programu ndogo ya nyongeza tunayoitumia kila siku. Wachoraji wetu huchora kwa programu moja, wahuishaji huwatembeza wahusika kwa nyingine, na programu hizo mbili hazipikiki chungu kimoja. Plagini ya Shangazi huvusha kila kipande cha mchoro, kope, mdomo, kidole, pamoja na pini yake, yaani pale kiungo kinapopinda. Ikimaliza huandika kwenye skrini: Wamefika wote salama. Vijana huona ni mzaha. Sisi tuliohama kwetu zamani, maneno hayo hatuyasomi haraka.

Kila toleo la plagini alilijaribu kwa Kuku, mchoro wake wa kwanza, mwenye shingo ndefu na hasira za mwenye nyumba. Kuku asipotembea, hatembei mtu. Mwaka mmoja mdomo wake ulihamia mkiani. Vijana walicheka hadi wakakaa sakafuni, Shangazi akaubandika mchoro ule mlangoni pake na kuandika chini: "Mkubwa wenu huyu, msalimieni."

Machi mwaka huu programu ya uchoraji ilitoka na toleo jipya, nasi tukapata pigo. Mikono ya kushoto ya wahusika wote iling'oka ikaelea hewani kama nguo zilizokimbia kamba. Msimu wa kumi wa kipindi chetu cha watoto ulikuwa ukisubiriwa. Kuwachora wote upya kungetukosesha msimu huo, na mkurugenzi hakuficha: bila msimu, chumba cha uchoraji kingefungwa. Shangazi aliahirisha likizo yake ya mwisho. Alisema haachi watu njiani, akavuta kiti.

Ajabu ni kwamba Kuku alitembea vizuri kabisa. Kila sasisho la plagini alilojaribu lilimpitisha yeye na kuwaangusha wenzake. Ndipo mchoraji mkuu, tunayemwita Wino, alipomtania kwamba Kuku wake ni wa kizamani, mabawa yote mawili yamechorwa kwa mkono. Siku hizi wao huchora mkono mmoja na kuugeuza kama godoro ili kupata wa pili. Shangazi akacheka hadi miwani ikamdondoka. Kosa lilikuwa hapo: toleo jipya lilihesabu kipande kilichogeuzwa kwa kinyume, na pini ikarukia upande usio wake. Kuku asingeweza kulionyesha hata kidogo.

Alifanya jambo ambalo hakuna aliyethubutu kumwomba. Alifuta bawa la kushoto la Kuku, alilolichora akiwa msichana, akaligeuza la kulia mahali pake. Kuku akaanguka kama wengine. Sasa alikuwa na mgonjwa wa kumtibu. Akaifundisha plagini isome pini kwanza, ndipo igeuze.

Siku Kuku alipotembea tena, na nyuma yake wahusika wetu wote wakipunga mikono iliyokaa begani, chumba cha uchoraji kililipuka kwa vigelegele. Wino alimbeba Shangazi na kiti chake. Msimu wa kumi ulitoka kwa wakati, na hakuna meza iliyoachwa tupu.

Plagini sasa iko mikononi mwa Wino na wahuishaji wawili. Kuku kabaki mlangoni, tunamsalimia.

Shangazi, ahsante kwa kazi, kwa makaripio na kwa kicheko. Wewe na mzee mnahamia kwa binti yenu, mji mwingine. Kaeni kwa raha, mpumzike mpaka mchoke kupumzika. Na mkishashusha mizigo, tutumieni ujumbe. Maneno unayajua.