Lori la Alaso Lataja Vyake

Kwenye benchi langu la kahawa hapa Malaba, wateja wanajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Siku hiyo, mwaka wa sabini na sita, sikuwa na hamu ya kelele zao. Binti yangu Alaso alikuwa anasomea kompyuta Nairobi, amekuja nyumbani likizo, na kazi yake ilikuwa imerudishwa mara mbili. Karatasi ya tatu ya maagizo ya kompyuta ilitakiwa ipande basi la Nairobi la saa kumi. Akikosea tena, nafasi yake anapewa mwingine. Roho yangu ilikuwa juu juu.

— Shida ni nini hasa? Breki, dereva mstaafu, akamuuliza Alaso aliyeinamia karatasi yake kando yangu.

— Mzee, nimeandika kwamba kila lori lina injini na usukani. Halafu kuna lori moja linalorithi hayo, nikaliongezea turubai na tairi la akiba. Nataka kompyuta itaje vya lori hilo tu. Inamwaga mpaka injini!

— Ipigwe kofi.

— Redio yako uliipiga kofi, Breki, nikamwambia. Imesema tena?

Faili, anayejazia madereva fomu za forodha, akakohoa.

— Mashine iko kama shemeji yangu. Ukimuuliza habari yake, anaanzia kwa babu.

— Basi tumfute babu! Breki akaruka.

— Nikifuta, hili langu linakosa injini.

— Lisukumwe!

— Ama hiyo kompyuta ni jasusi, Faili akanong'ona. Inahesabu injini zetu.

Alaso alikuwa karibu kulia. Hapo akaja dereva mgeni, Mutua, akaomba kahawa na kusikiliza kisa chote.

— Dada, unaiulizaje?

— Kwa kila kitu nauliza: lori hili lina hiki?

— Lakini injini si linayo? Itakataaje? Mimi jana forodhani niliulizwa gari lina nini, nikataja hadi usukani. Kumbe walitaka vile vya gari hilo pekee, vilivyoandikwa kwa kadi yake. Kwa nini usiulize kadi?

Alaso akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine wa kuuliza orodha ya vya lori lenyewe, akanisomea, mimi nikijibu kama kompyuta.

— Injini, kwa kadi ya hili lori?

— Haimo.

— Naruka. Turubai?

— Imo!

Akakimbilia basi kukabidhi karatasi, kiatu kimoja mkononi.

Ijumaa iliyofuata jibu likaja kutoka Nairobi: turubai, tairi la akiba. Basi. Nafasi ni yake. Nilikaa kwenye benchi langu mwenyewe, nikalia kwa furaha bila aibu.

— Mama Alaso, kahawa je? akauliza Breki.

— Sijapika. Leo nipikieni nyinyi.