Wa Kufungua Tamasha la Mto

Kwenye kivuko, mbele yangu, kinyozi mmoja alikuwa akimsimulia mama aliyeketi kando yake jinsi alivyouvuka mto huu kwa kuogelea enzi za ujana, kwenda na kurudi, bila kupumzika. Hakujua kwamba mama yule ndiye mwenyekiti wa tamasha la mto.

"Basi Mungu amekuleta, kaka yangu," mama akasema. "Jumamosi wageni watajaa ukingoni, na mwogeleaji wetu wa kufungua tamasha ameteguka bega. Utafungua wewe."

Kinyozi akakohoa, akasema siku hizi mgongo unamsumbua.

"Majini mgongo hupumzika."

"Na mamba je?"

"Ndio hao wanaoleta wageni. Wageni wasipopata cha kutazama, mwakani hawarudi, na nyumba zetu za kulala wageni zitalala popo."

"Dada, nilisema enzi za ujana!"

"Na mto ni uleule."

Nikageukia maji, nisije nikawacheka watu wazima. Kivuko kilipotia nanga, ubao wa kushukia ulikuwa umelowa. Kinyozi akautazama, akakunja suruali hadi magotini, akanong'ona, "Dada, hebu nishike mkono."

Mama akamshika, huku akimsihi avae kaptula nyekundu, ili watu wa boti ya uokoaji wasipate shida kumwona.