Mwalimu Ukuta, Aliyetufundisha Kuanguka

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Ukuta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga. Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani hadi mwaka 1965, kisha akapelekwa kwa mjomba wake kujifunza ufundi saa. Mjomba alikuwa mkali, lakini ndiye aliyempeleka kwenye karate, akisema kijana anayekaa kutwa ameinamia meza atapinda mgongo.

Mwaka 1974 alifungua kibanda chake cha saa, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha karate jioni katika ukumbi wa shule. Jina la Ukuta halikuja kwa kupiga watu. Siku moja aliingia mpakia mizigo mmoja, kifua kama kabati, akitaka kujua kama Mwalimu ni kweli au ni maneno ya mtaani tu. Baba alikuwa amepiga goti, anamfunga mwanafunzi mkanda. "Kaa hapo kwenye benchi, ndugu yangu, nimalizane na huyu," alisema bila kugeuka. Jamaa akakaa hadi mafunzo yakaisha, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Kesho mnaanza saa ngapi?" Alibaki miaka kumi na tisa, na ndiye aliyeanza kumwita Ukuta, kwa kuwa hakutikisika.

Mama yetu, fundi cherehani, ndiye aliyemshonea vazi lake la kwanza la kufundishia. Alimwambia, "Ukirusha teke suruali ikachanika, usinirudie." Haikuchanika, na bado alirudi kila wiki akidai kifungo kimelegea. Vazi lile halina vifungo. Walioana tarehe 8 Desemba 1979.

Sasa nafika mahali ambapo familia ilitaka niandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Siwezi. Mwaka 2017 Mwalimu alijaribu kumtega mwanafunzi wake mkuu, fundi bomba, akaukosa mguu wake kwa shubiri nzima. Fundi bomba akaanguka mwenyewe. Aliona haya kubaki amesimama, na sisi tuliokuwa tunatazama tukashusha pumzi. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu: kila aliyefikia mkanda wa kahawia aliambiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, "Mwalimu akikukaribia, nenda chini." Wengi niliwaambia mimi, binti yake wa pili na mwanafunzi wake. Wageni walitoka wakisimulia kwamba mzee yule anaangusha watu bila hata kuwagusa, na sifa zake zikavuma kuliko zamani. Alipofunga kibanda mwaka 2019, alisema siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu. Tukacheka naye, wala hakuna aliyeuliza kwa nini skrubu zilikuwa zimetapakaa sakafuni.

Mwezi Machi 2023 alianguka bafuni. Daktari alikuta uvimbe kichwani, wa siku nyingi. "Alianza kupoteza mizani lini?" aliuliza. Tulikuwa watu wanane kwenye korido ya hospitali, na wote tulijua jibu. "Mngemleta miaka mitatu iliyopita," alisema, "tungekuwa na la kufanya." Tulidhani tunamsitiri. Najilaumu, na leo sitaki mtu anifariji.

Wiki yake ya mwisho alinishika mkono. "Wewe unaanguka vizuri sana," alisema. "Nani alikufundisha?"

"Ni wewe, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Kama alikuwa ananisifu au ananilaumu, mpaka sasa sijui. Alifariki tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, mama akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na wanafunzi waliojaa uwanja huu.

Jeneza litabebwa na wanafunzi wake sita, fundi bomba akiwa mbele. Ni zito, na njia ya kwenda kaburini ina mteremko. Ndugu zangu, nawaomba kwa heshima ya Mwalimu: atakayeelemewa aseme, tusimame, mwingine ashike. Leo mtu asijikaze. Mwalimu atatusubiri, na baada ya hapo apumzike kwa utulivu.