Picha ya Mlango

Ti! Sauti moja tu, usiku, simu zetu zimelala kando ya mito ya kulalia: kuna aliyetuma picha kwenye kundi la harusi. Asubuhi benchi la nje ya duka la kinyozi lilijaa kabla birika halijachemka. Harusi ilikuwa ya jana, ya binti wa kinyozi mwenyewe. Ukumbini tulitangaziwa mapema: wageni, simu zibaki mifukoni mpaka viapo viishe, mpiga picha yupo, msimzibe. Tukatii sote, isipokuwa seremala tunayemwita Msumari. Na Msumari naye, maharusi wanavishana pete, alikuwa amewapa mgongo anapiga picha mlango. Mlango ule wa ukumbi aliutengeneza yeye. Sasa ndani ya picha hiyo, aliyoituma usiku, katikati ya mbao mbili zilizopakwa vanishi, amesimama kijana asiyejulikana, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Kundi zima linauliza: nani huyu?

— Bwana harusi anatetemeka na pete, wewe unapiga picha bawaba! alianza Profesa, fundi cherehani anayesoma kila gazeti kabla ya kufungia nguo za watu.

— Maharusi watapigwa picha mpaka wazeeke, alijibu Msumari. Mlango nani ameupiga? Penye miti hapana wajenzi, ndugu yangu.

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Miti. Mlango si wa mti?

Mama Birika, muuza kahawa wetu, aliweka vikombe chini akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu.

— Hee! Mbona kijana wa watu amependeza? Koti limembana mabegani, lakini pasi imepita.

— La kuazima hilo, Profesa alihukumu. Mimi nashona, nalijua koti lililokwenda kwa mwenyewe na koti lililopotea njia. Na mtu wa koti la kuazima mlangoni pa harusi ni mwizi wa zawadi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Atapona vipi na zawadi zimeibwa?

— Ndiyo maana nasema ni mwizi!

— Mwizi gani anasimama mlangoni analia? aliuliza Mama Birika.

Vichwa vikakutana juu ya kioo kidogo cha simu.

— Analia wapi?

— Ikuzeni. Hapo shavuni.

Msumari akaikuza kwa vidole viwili, polepole, kama anayepima ubao.

— Hiyo ni vanishi yangu, akasema. Inang'aa mpaka inawaka kwenye mashavu ya watu.

— Basi nimeshajua, alisema Profesa. Huyo ni bwana harusi wa akiba.

— Wa nini?

— Wa akiba, kama tairi. Siku hizi mambo yanaharibika dakika ya mwisho. Familia inamweka mmoja mlangoni, amevaa, yuko tayari. Wa kwanza akikimbia, wa pili anaingia. Jana hakuhitajika, ndiyo maana analia.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Msumari peke yake hakucheka. Alikuwa anaiangalia simu yake kama aliyeuziwa mbao mbichi.

— Mimi nadhani hakuwepo, akasema.

— Nani?

— Huyo. Mimi sikumwona. Niliona mlango. Simu za siku hizi zina akili zake. Imeuona mlango uko mpweke, ikaukutanisha na mtu.

— Simu imeuonea huruma mlango wako!

— Dalili ya mvua ni mawingu, alisema Msumari kwa uchungu, na hakuna aliyejua mawingu yalikuwa yapi.

Mama Birika akamimina duru ya pili, bila kutuangalia.

— Chekeni. Mimi alfajiri nimepita upande wa bwana harusi nikipeleka kahawa. Huko hawacheki. Huko wameshasema ni mchumba wa zamani wa bi harusi, amekuja kuaga. Wamemuuliza mtoto wa watu asubuhi ya kwanza ya ndoa yake, amenyamaza kimya.

Kicheko kilikatika kama uzi.

— Ifute, Msumari, alisema Profesa.

— Wamekwisha kuiona wote. Nikiifuta leo, si ndiyo nimekiri kuna jambo?

— Usiache mbachao kwa msala upitao.

— Profesa, hebu pumzika kidogo!

Nikageuka kumtazama kinyozi. Muda wote huo alikuwa kwenye ngazi ya duka lake, anatia mafuta mashine ya kunyolea ambayo ilikuwa imekwisha kutiwa mafuta.

— Kaka, nilimwambia, wewe ndiye mwenye shughuli. Humjui huyu kijana?

— Kahawa yako inapoa, alinijibu.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja, nguo za heshima, miguuni ndala, malengelenge ya viatu vya jana yakionekana wazi. Alikuwa shangazi wa bwana harusi. Sote tukasimama, tukamwachia nafasi. Akakaa, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa kwanza.

— Sikuja kwa ugomvi, akasema. Jana tumekuwa ndugu. Nimekaa na binti yako peke yetu, nikamuuliza kuhusu kijana wa mlangoni. Amelia sana. Akaniambia, "Shangazi, muulize baba. Nyumbani tulikatazwa kulitaja jina lake."

Kinyozi hakuinua uso.

— Sasa nimekuja kukuuliza, mkwe wangu. Lakini siwezi kukuuliza jambo kama hilo huku nakuita kwa kazi yako. Nikuite baba nani?

Tulitazamana. Miaka yote tunanyolewa pale, tunampa vichwa vyetu na wembe mkononi mwake, tunakopeshana sukari, tunazikana, na benchi zima halikuwa na jibu. Kwetu alikuwa Kinyozi. Akifurahi, Kinyozi. Akiugua, Kinyozi.

— Baba Bi Harusi! Profesa akajitosa.

— Bi harusi ni wa jana, baba yangu, alisema shangazi kwa upole. Mtu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Na binti ameniambia yeye ni wa pili.

Kinyozi akaiweka mashine chini. Akafuta mikono kwenye aproni, upande huu, upande huu, akamnyooshea Msumari kiganja bila neno. Msumari akampa simu. Kinyozi akaikuza picha, akaupita mlango, akalipita koti, akafika kichwani. Akakaa hapo.

— Nani amemnyoa hivi? aliuliza, na sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. Hapa juu ya sikio hapajakaa sawa kabisa.

Shangazi alikuwa bado anasubiri, kikombe magotini. Kinyozi akaweka kidole kwenye shavu la kijana, pale palipong'aa, kama anayefuta.

— Baba Nuhu, akasema. Niite Baba Nuhu.