Watoto Sabini na Watatu Waliobaki Nyumbani

Risala ya wazazi na walezi wa Shule ya Msingi ya Kamutheri kwa mgeni rasmi, Siku ya Wazazi, muhula wa pili. Msomaji: Gladwell Wanjugu, katibu wa wazazi.

Mgeni rasmi, Bwana Mwendwa Kailemia, Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo yetu. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Muriuki. Walimu, chifu, wachungaji, wazazi wenzetu, na nyinyi watoto mliokaa hapo mbele kwa utulivu ambao hatujawahi kuuona nyumbani: hamjambo nyote.

MAKARIBISHO

Sisi wazazi na walezi wa Kamutheri tunakukaribisha kwa mikono miwili. Barabara ya kutoka Siakago tunaijua, na tumeona jinsi gari lako lilivyobadilika rangi njiani. Tulipokuandikia mwezi wa sita, tulitarajia kujibiwa kwa barua fupi yenye muhuri. Ukajibu kwamba utakuja mwenyewe. Mwenyekiti wetu, Bwana Njagi, aliisoma barua hiyo mara tatu, kisha akampa mke wake naye aisome, isije ikawa macho yake yanamdanganya. Asante kwa kuja. Uji wa mtama uko tayari, na kuku pia, ila kuna jambo tutakuomba kabla ya chakula, nasi tutalifikia.

TULIKOTOKA

Shule hii ilianza mwaka wa 1989 ndani ya kanisa. Kukiwa na mazishi, darasa lilitoka nje likasubiri. Kabla ya mwaka huo watoto wa hapa walisomea Rwethari, kilomita sita, ng'ambo ya mto Kathera. Mto huo umeuvuka leo asubuhi na pengine hukujua kwamba ni mto, kwa maana wakati huu ni mchanga mtupu na mbuzi wamelala ndani yake. Lakini mvua za Aprili na za Novemba zikinyesha huko juu milimani, maji huja kwa ghafla hata kama hapa jua linawaka.

Kwa sababu hiyo, zamani mtoto wa Kamutheri hakuanza shule kwa umri. Alianza kwa urefu. Mzazi alimpeleka mtoni, na maji yakimfika kiunoni alirudishwa nyumbani angoje mwaka mwingine. Anayekusomea risala hii alianza darasa la kwanza akiwa na miaka tisa, magoti yakikataa kuingia chini ya dawati, na wenzake wa miaka sita wakimwita cucu, yaani nyanya. Wako wengi hapa walioitwa hivyo. Tulipoamua kujenga shule upande wetu wa mto, hatukuwa tunatafuta sifa. Tulitaka watoto wetu waanze shule wakiwa wadogo.

TUNAYOSHUKURU

Tuna mengi ya kushukuru, na tukiyataja yote uji utapoa. Tunashukuru kwa walimu wawili tulioletewa mwaka jana, ambao wamekubali kuishi hapa hapa na kuzoea joto letu. Tunashukuru kwa vitabu vya Gredi ya Tano vilivyofika kabla ya muhula kuanza, jambo lililomfanya Mwalimu Muriuki atembee siku nzima akitabasamu. Mwaka uliopita watoto wetu wote wa Gredi ya Sita waliingia sekondari ya msingi, wote kumi na saba, na wasichana kumi wakiwemo. Tangi la maji lililo nyuma yako tulilijenga sisi wenyewe, kwa mawe tuliyobeba kwa mikono yetu. Linavuja kidogo upande wa kaskazini, na fundi yuko hapa, anajua tunamzungumzia.

Tunamshukuru pia afisa wako aliyekuja mwezi wa tano kuhesabu wanafunzi. Alikuja kwa pikipiki, akafika saa mbili kamili, akakataa kuketi mpaka amalize kazi. Tunamtaja mapema kwa sababu baadaye katika risala hii mtu anaweza kufikiri tunamlaumu. Hatumlaumu hata kidogo. Aliandika alichokiona.

KOSA LETU

Mgeni rasmi, wewe ni mtu wa Meru, na tunaamini utatuelewa, kwa sababu hata kwenu ni hivyo. Mgeni akija nyumbani, vikombe vizuri hutolewa kabatini, vingine vikaazimwa kwa jirani, na vile vilivyovunjika mkono huwekwa mahali ambapo mgeni hataviona. Hatufanyi hivyo kwa ubaya. Ni heshima, ndivyo tulivyolelewa.

Basi tangazo liliposomwa makanisani kwamba afisa wa elimu atakuja Jumatano kuhesabu wanafunzi, tulikutana nyuma ya kanisa baada ya ibada. Tuliamini kwamba hesabu ya watoto iko kwenye daftari la mwalimu, na kwamba mgeni anakuja tu kutazama. Maneno yaliyosemwa siku hiyo tumekubaliana yasomwe yalivyo, na waliosema wametoa ruhusa.

Bwana Njagi alisema: "Sasa tutaonyesha mgeni mtoto amevaa sweta haina mikono? Huyo angoje nyumbani, ni siku moja tu."

Mama Peninah, anayelea wajukuu watatu peke yake, akasema: "Basi wangu wabaki wote. Sweta mzuri ni moja, mpatie mtoto wa jirani avae."

Wengine tukasema ndiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyepinga, na hakuna aliyekumbuka kumweleza mwalimu mkuu. Jumanne jioni sare nzuri za kijiji kizima zilikusanywa. Viatu vilihama kutoka nyumba hadi nyumba. Jumatano asubuhi tukawavisha watoto hamsini na wanane wakapendeza kweli kweli, na sabini na watatu wakabaki nyumbani.

Afisa akazunguka darasa kwa darasa. Mwalimu Muriuki alimwonyesha daftari lenye majina mia moja thelathini na moja, akaulizwa wengine wako wapi, akakosa jibu, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na jibu na tulikuwa tumesimama pale langoni tukitabasamu. Afisa akaandika hamsini na wanane. Alipokuwa akiondoka alituambia, "Hii shule yenu iko safi kabisa." Tukampigia makofi.

Pikipiki ilipopotea kwenye kona, mwalimu mkuu aliingia Gredi ya Nne akauliza wenzao wameenda wapi. Msichana anayeitwa Winrose akasimama akamwambia: "Mwalimu, wale hawana viatu waliambiwa wangoje mpaka mgeni aende."

Wiki tatu baadaye barua ilifika. Ilisema kwamba shule yenye wanafunzi wachache kiasi hicho itafikiriwa kuunganishwa na Rwethari kuanzia Januari. Barua ilisomwa mahali hapa uliposimamisha gari lako. Kisha Mama Peninah akasema kwa sauti ya chini kwamba siku ile aliwafungia wajukuu wake ndani, na yule mdogo aliposikia kengele ya shule alilia mpaka akalala. Mgeni rasmi, tuliona aibu siku hiyo, lakini si ile aibu tuliyokuwa tunaikimbia. Tuliwaonea haya watoto wetu wenyewe. Tuliwaambia kwa vitendo kwamba wao si wa kuonyeshwa watu, nao wakatutii.

Watoto, mko hapa na mnasikia. Tunawaomba msamaha mbele ya mgeni.

MATUKIO YAJAYO NA VIKUMBUSHO KWA FAMILIA

Ni desturi yetu kwamba wazazi wakikutana vikumbusho husomwa, hata mgeni akiwepo. Leo tunafurahi kuvisoma mbele yako, uwe shahidi wetu.

Muhula wa tatu unafunguliwa Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa nane. Ni Jumatatu, wazazi, si siku ile mtakayomaliza kuuza ndengu. Mtoto afike siku ya kwanza, hata kama daftari lake bado halijanunuliwa.

Kuanzia sasa, hakuna mtoto atakayebakishwa nyumbani kwa sababu ya sare, na hakuna atakayerudishwa langoni. Aje na sweta ya dada yake, aje peku, aje na kaptura ya kanisani. Mwalimu Muriuki ameliandika hili ubaoni kwa rangi, si kwa chaki.

Ijumaa ya pili ya Septemba chifu atakuwa hapa tangu asubuhi kwa ajili ya vyeti vya kuzaliwa. Watoto kumi na wanne hawana. Wanaotaka kuandikisha wadogo wa PP1, yaani chekechea, wa mwaka ujao waje siku hiyo hiyo, na tafadhali, baba pia wanaweza kuja. Wiki itakayofuata ni ya dawa za minyoo. Mtoto ale kabla ya kuja, dawa hiyo haipendi tumbo tupu. Mwaka jana tulibeba wanne kwa mikono.

Chakula cha mchana kinaendelea. Kila mtoto ni gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili, ya mahindi na nusu ya ndengu kwa mwezi. Asiyekuwa nazo alete kuni. Asiyekuwa na kuni aje azungumze na Mama Peninah jikoni, atapewa kazi ya kuchambua mahindi, na hakuna atakayejua. Tumeshasema mbele ya watu wote, lakini bado hakuna atakayejua.

Mwisho wa Oktoba Gredi ya Sita watafanya tathmini yao ya kitaifa. Wiki hiyo wasitumwe mbuzi, wasitumwe dukani, wasitumwe popote. Jumapili kabla ya hapo tutawaombea hapa shuleni, makanisa yote pamoja. Novemba, mvua ikishuka, ni siku ya kupanda miti, na kila mtoto atakuja na mche mmoja.

Mwisho ni ndege. Mtama ukiiva tumezoea kuwabakisha watoto shambani wakifukuza ndege. Tumepanga zamu za watu wazima, shamba kwa shamba, na orodha imebandikwa kwenye posho mili, pale tunaposagia unga. Bwana Njagi ndiye wa kwanza kwenye zamu. Alijitolea mwenyewe, na sote tunajua ni kwa nini.

MAOMBI

Maombi mengine yangekuwa mengi, Mgeni rasmi. Paa la Gredi ya Pili, vyoo, mwalimu wa saba. Tumeyaandika kwenye karatasi nyingine na kuyaweka kando, yatasubiri. Leo tuna ombi moja.

Hatukuombi uibadilishe barua kwa kutuonea huruma, wala hatukuombi utoe ahadi hapa ambayo ofisini itakutatiza. Tunajua unazo sheria na tunajua zipo shule zenye shida kutushinda. Lakini Januari watoto hawa wakielekezwa Rwethari, wale wakubwa watavuka. Wadogo hawatavuka. Watarudi kungoja nyumbani mpaka warefuke, na sisi tulioitwa cucu darasani tutakuwa ndio tuliowarudisha huko, kwa mikono yetu, kwa kutaka kupendeza mbele ya mgeni.

Kwa hiyo tunakuomba, kabla ya uji na kabla ya hotuba, uwahesabu.

Wamejipanga kwa madarasa, kuanzia PP1 mbele ya ofisi hadi Gredi ya Sita karibu na tangi. Utaona sweta zisizo na mikono. Utaona viatu viwili visivyofanana katika mguu wa kulia na wa kushoto. Utawaona wajukuu wa Mama Peninah wakiwa wamekaa mstari wa mbele, tumewaweka hapo makusudi. Asubuhi mzazi mmoja alimleta mwanawe mpaka langoni, akamtazama, akasema, "Kweli hata huyu, vile anakaa hivi?" Tukamjibu, "Hata huyu. Huyu ndiye wa kwanza."

Daftari lina majina mia moja thelathini na moja. Wewe utapata mia moja na thelathini. Aliyekosekana ni Ngari wa Gredi ya Tatu, amelazwa tangu juzi kwa malaria, na mama yake yuko naye. Kuna mtu alipendekeza tumvike sare mtoto wa jirani anayesoma kwingine, asimame mahali pake ili idadi itimie. Safari hii tulipinga, wote kwa pamoja. Mahali pa Ngari pako wazi kwenye mstari. Utapaona.

Tunakuombea wewe, Mgeni rasmi, pamoja na nyumba yako na ofisi yako, Mungu akurudishe salama ng'ambo ya mto, akupe nguvu ya kazi hii ngumu ya kupima mambo ya watoto wa watu. Vyovyote utakavyoamua, tutakuwa tumekushukuru kwa kuja kututazama tulivyo.

Ni sisi, wazazi na walezi wa Shule ya Msingi ya Kamutheri. Leo hatujamficha mtu.