Mzee Bendera na Ombi Lisilokubalika

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mzee Bendera anatuaga baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye idara yetu, inayotunza kiini cha mfumo wa kompyuta. Kazi yake ilikuwa kugawia programu kumbukumbu, yaani nafasi ya kufanyia kazi ndani ya mashine, na kwa hilo hana mpinzani.

Kwake, kila anayeomba kumbukumbu sharti ainue bendera. Kijani: nitasubiri, hata nikilala sawa. Nyekundu: siwezi kusubiri, nichotee hata akiba ya dharura, na kama haipo, ninyime upesi. Njano: lazima nipewe, na hiyo huenda na kijani tu. Ukimpa kijani anayeitikia kengele ya mtambo, atalala kazini na mashine nzima igande. Iliwahi kutugandia mbele ya mgeni rasmi, mkasi ukiwa mkononi.

Baada ya aibu ile, Mzee alishona bendera za kitambaa na kuzigawa kwa kila meza. Chai tuliomba kwa bendera, likizo kwa bendera, hata choo. Mhasibu wetu, mtu wa adabu zake, aliinua kijani mbele ya birika akasinzia mpaka jioni. Kwenye mikutano tulisimama tukikitazama kiti cha akiba alichokitenga kwa dharura, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Siku mkurugenzi alipoinua nyekundu na njano pamoja, Mzee alimrudisha ofisini kwake kwa upole, akimweleza kuwa ombi kama hilo halipo duniani.

Mwezi uliopita alikuwa mbioni kuongeza mkataba, maana kigawaji kipya, programu yake ya kugawa kumbukumbu, hakijakamilika. Ndipo mkewe alipokuja. Mama huyu ameinua kijani tangu siku ya harusi, na kila safari waliyopanga ilingoja kigawaji hicho hicho. Aliingia bila hodi, akaketi kwenye kiti cha akiba, akanyakua nyekundu na njano mezani kwa mumewe, akaziinua pamoja. Sote roho mkononi. Mzee alizitazama bendera, akamtazama mkewe, akazima kompyuta. Tulicheka, kisha tukalia, mhasibu kuliko wote.

Mzee wetu, asante kwa mashine zisizoganda na kwa kutufundisha kuomba. Tunawatakia maisha marefu, yenye usingizi usiokatwa na kengele. Kigawaji tutakimalizia sisi, bendera zetu ni za kijani. Kile kiti tumeshakifunga juu ya gari lenu. Ni cha mama.